Kalenda Tatu na Mkeka Mmoja

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanachama siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa.)



Nilipoandikiwa barua kuombwa niseme nanyi, niliambiwa nichague jambo lolote litakalowafaa vijana. Mtumishi wa Serikali akiachiwa achague, kwa kawaida huchagua mambo ya kazi yake. Nami nilikaa siku mbili nikiandika habari za mipango na matumizi, nikaona nasinzia mimi mwenyewe kabla ya msikilizaji. Nikaziweka kando karatasi zile. Leo nitasema juu ya mambo ya nyumbani: mwezi, upepo, na mkeka. Kama yupo atakayeuliza haya yana uhusiano gani na shule, namwomba anivumilie hadi mwisho.

Mimi ni mtoto wa pwani, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi bahari inaporuhusu, na mkulima wa minazi na mihogo inapokataa. Nililetwa huku Usambara mwaka 1995 kuanza kidato cha kwanza, nikiwa na sanduku la bati na kikapu cha nazi. Sikuwa nimepata kuona ukungu unaoingia bwenini bila kubisha hodi. Ilipofika Juni nilidhani baridi ile ni ugonjwa, nikaenda kwa muuguzi wa shule. Akanipima, akacheka, akanipa blanketi la pili badala ya dawa. Nadhani wapo wenzangu hapa wanaolikumbuka blanketi hilo, maana si mimi peke yangu niliyelilalia.

KALENDA TATU

Nyumbani kwetu tulilelewa na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya upepo na mvua. Kuanzia Desemba hivi hadi Machi huvuma kaskazi. Jua ni kali na embe zinaanguka usiku zikigonga bati. Machi kaskazi inalegea, mvua za masika zinaingia, watu wanapanda mahindi na kunde. Kisha linakuja kusi. Kusi likichacha bahari huchafuka, ngalawa zinalala mchangani, na wavuvi wanashika majembe au wanakaa chini ya mkungu kushona nyavu. Juni hadi Agosti ni kipupwe. Asubuhi mtu wa pwani hujifunika shuka akadai anaganda, jambo ambalo ninyi wa milimani mngelicheka. Karibu na Oktoba upepo hutulia, ndiyo matlai, na baada yake vuli.

Wazee walikuwa na hesabu ya mambo haya. Mwaka wao ulianza Siku ya Mwaka, ile ambayo hata leo wenzetu wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kutoka siku hiyo walihesabu siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, hata ikatimia miongo 36, na siku 5 za nyongeza. Babu yangu hakwenda shule hata siku moja, lakini alijua mwongo wa kupanda mtama na mwongo wa kutovuka bahari.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, nayo ndiyo ya ibada. Watu wa bara hudhani kwamba sisi tunautazama mwezi mwandamo juu ya bahari. Sivyo. Bahari yetu iko mashariki, na mwezi mchanga huonekana magharibi jua likisha kuzama. Kwa hiyo jioni ya kuutafuta mwezi, kijiji kizima huipa bahari kisogo, kikatazama bara, juu ya vilele vya minazi. Watoto hupanda miti. Yupo daima mmoja anayepiga kelele kwamba ameuona, na yupo mzee mmoja anayemwuliza ncha zake zimeelekea wapi.

Sasa, kalenda hizi mbili hazilingani. Mwaka wa mwezi ni pungufu ya mwaka wa jua kwa kiasi cha siku 11. Kwa sababu hiyo mfungo wa Ramadhani haukai mahali pamoja. Kila mwaka unarudi nyuma kidogo, ukipita katika embe, katika masika, katika kusi, katika vuli, na baada ya miaka 33 hivi unarejea pale pale ulipoanzia. Ndugu zetu wanaofunga katika nchi za kaskazini ya dunia hubadilishiwa hata urefu wa mchana. London, mchana wa Juni ni zaidi ya saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8. Sisi tulio karibu na Ikweta, tofauti hiyo haifiki hata saa moja. Kinachobadilika kwetu ni joto, upepo, na kilichomo chunguni.

Kalenda ya tatu niliikuta ukubwani. Huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Ni kalenda ya ofisi, mwaka wa fedha. Nitaieleza baadaye, maana ndiyo iliyoniponza.

KISIMANI, MWAKA 1992

Nilifunga mara ya kwanza, nikikusudia mwezi mzima, mwaka 1992 nikiwa na miaka 12. Mwezi uliandama wiki ya kwanza ya Machi, kaskazi ikiwa inakata roho na joto likiwa kama la tanuri. Siku ya kwanza niliimaliza kwa shida. Siku ya pili, jua la saa saba, mama alinituma kisimani. Nilipovuta ndoo, maji yale yalikuwa ya baridi, na hapakuwa na mtu. Nikainamisha kichwa kana kwamba naosha uso. Nikanywa.

Jioni mkeka ulitandikwa barazani kama ilivyokuwa desturi. Hapakuwa na nyumba iliyofuturu peke yake. Kila nyumba ilileta sinia lake: huyu mihogo ya nazi, huyu viazi, huyu tambi, huyu uji wa pilipili manga. Na mpita njia akikutwa na adhana hakuulizwa jina wala dini, alionyeshwa mahali pa kunawa. Baba alichukua sahani ya tende, akasema mbele ya watu, "Leo aanze mwanangu, amefunga siku ya pili." Nikaichukua tende ile. Nawaambieni kweli, sijapata kula kitu kichungu namna ile, nayo ilikuwa tende.

Baba hakuniuliza lolote. Lakini kesho yake, badala ya kuniacha nyumbani, alinichukua twende kuangalia madema kwenye miamba. Mwezi ukiwa mchanga, bahari huwa bamvua; hujaa sana na kupwa sana, na kwetu maji hupwa kiasi cha saa nne ya asubuhi. Basi tulitembea katika miamba mitupu, pamoja na akina mama waliokuwa wakitafuta pweza, kisha tukasukuma ngalawa tukaenda nje. Joto lilipozidi nikaona baba ananitazama, akasema, "Huku maji ni mengi, mwanangu. Ila yana chumvi." Akageuza uso akaendelea na kasia.

Hayo ndiyo yote aliyopata kusema juu ya kisima. Sijui hadi leo kama aliniona, au aliambiwa, au alisoma uso wangu tu. Nilifunga siku zote zilizobaki. Usiku wa mwisho, masika yakiwa yamekwisha kuanza na mkeka umeingizwa ndani kwa ajili ya mvua, nilimwuliza kama mwakani tutafunga tena katika joto hili. Akanieleza habari za siku 11, jinsi mwezi unavyozunguka. Akasema, "Utaondoka hapa. Utaizunguka dunia yote, na ukirudi katika kaskazi hii utakuta wewe mtu mzima, na mkeka ni wako."

HAPA SHULENI

Nilipofika hapa mfungo ulikuwa umesogea hadi Januari na Februari. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, tulifunga mwezi mzima tukiwa bwenini. Nataka wanafunzi wa sasa walijue jambo moja la siku zile, maana halimo katika vitabu vya shule.

Tulikuwa na zamu ya kuteka maji kijitoni, ndoo mbili kila mtu, kilima kirefu. Wiki ya kwanza ya mfungo niliamka nikijua zamu ni yangu, nikakuta ndoo zangu zimejaa. Sikujua nani amezijaza. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu niliwahi, nikamkuta jirani yangu wa kitanda, kijana Mkatoliki kutoka upande wa Kilimanjaro, akipanda kilima. Nilipomshukuru alikasirika, akaniambia nisimpotezee muda, anachelewa gwaride. Baadaye nikagundua kwamba walikuwa wamegawana zamu zetu wao kwa wao, wala hawakumwambia kiranja.

Mwaka ule Idi na Jumatano ya Majivu ziliangukia wiki moja. Sisi tumemaliza, wao wanaanza. Tukaona ni haki kulipa. Tukateka maji yao siku za Ijumaa. Tena Ijumaa iliyokutana na siku ya nyama, wao hawali nyama, na ili chakula cha umma kisipotee tuliwasaidia kuila. Nakiri kwamba katika deni lile sisi ndio tuliofaidi.

Niliuliza kwa nini sikukuu zetu zilikutana, nikaelezwa na mwalimu kwamba Pasaka nayo hufuata mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu Machi 21. Ila wao wameufunga mwezi wao kwenye majira, hautoki Machi na Aprili. Sisi wetu tumeuachia utembee. Mwezi wenyewe ni ule ule mmoja. Kijana yule ameketi mstari wa tatu hapa leo, amenenepa, wala sitamtaja jina.

MIAKA YA KUZUNGUKA

Baada ya hapo nikaona kwa macho yangu jambo alilosema baba. Mwezi ulinikimbiza katika majira yote.

Ramadhani ya mwanzo wa 1998 iliangukia mvua kubwa za El Nino, zile zilizoanza mwishoni mwa 1997. Januari, ambayo wazee waliihesabu kuwa ya jua, mashamba yalikuwa maziwa. Tulifuturu chumbani, watu kumi na wanne juu ya mkeka wa watu wanane. Nilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu 2001, mfungo ulikuwa Novemba, wakati wa vuli, na viazi vitamu ni tele. Nilikuwa nikidandia basi siku za mwisho za juma ili nikae barazani hata jioni moja. Nilipoajiriwa 2005 ulikuwa Oktoba, matlai, bahari kama kioo, na baba alikuwa akileta changu wakubwa hadi mama akalalamika kwamba magamba yanamchosha. Mwaka 2010 na 2011 ulikuwa Agosti, kusi na kipupwe. Samaki hakuna, lakini mahindi mapya na machungwa ya Muheza yapo. Hapana majira yaliyokosa kitu cha kuweka mkekani. Kikikosekana hiki, kipo kile. Nililelewa nikiyaona haya kuwa mambo ya kawaida. Sasa nayaona kuwa ndiyo mafundisho yenyewe ya dini niliyopata, kabla ya yale ya chuoni.

Halafu mwezi ukaingia katika kalenda ya tatu. Tangu 2014 hadi 2019 Ramadhani yote au sehemu yake kubwa ilikuwa kati ya Mei na Julai. Wanaofanya kazi kama yangu wanajua maana yake. Ni wakati wa bajeti; Bunge linakaa Dodoma, na ofisini mtu halali. Tangu 2017 nilikuwa nimehamia Dodoma kabisa, nchi nzuri ya zabibu na upepo, yenye msimu mmoja wa mvua, na mbali sana na bahari. Kwa Ramadhani 6 mfululizo sikufuturu nyumbani hata siku moja.

Ndugu zangu, sikuwa mtu mbaya. Kila mwezi ulipoandama nilituma fedha kwa simu: ya sukari, ya unga wa ngano, ya tende. Nilituma nyingi kuliko alizopata kushika baba kwa mwaka mzima wa uvuvi. Naye kila mara alinipigia kunishukuru kwa maneno yale yale: "Fedha imefika, mwanangu. Mtu bado hajafika." Mimi nilicheka, nikasema, Inshallah mwakani, bajeti ikipita. Mwaka wa fedha una tabia moja: ukiisha leo, kesho mwingine umeanza. Kazi ile ilikuwa ya haki na ya taifa, wala sisemi ningeiacha. Lakini siku za mapumziko zilikuwapo, na mabasi yalikuwapo. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikijidai naosha uso.

Baba alifariki Agosti 2019, bado kusi likivuma. Nilifika maziko kwa gari la kukodi, usiku kucha njiani. Nilikuta watu wa kijiji wamekwisha fanya kila kitu.

BARAZA LIKAFUNGWA

Ninayosema sasa nimewaomba ruhusa mama na mdogo wangu kuyasema.

Baba aliacha shamba la minazi linaloshuka hadi ufukweni. Haikupita miezi mingi akatokea mnunuzi, mtu anayetaka pwani ya kujenga nyumba za wageni. Alitaja bei ambayo sikupata kuisikia katika ukoo wetu. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye msomi, na mimi ndiye ninayejua fomu. Nilipiga hesabu ya mirathi kama inavyotakiwa na sheria, fungu la mama, mafungu ya dada zetu, yangu na ya mdogo wangu, nikaziandika vizuri kwa mashine na kuzipeleka. Nilidhani nimefanya jambo la haki. Mdogo wangu, ambaye hakupita darasa la saba na ndiye aliyekaa na wazee miaka yote ile, aliisoma karatasi mbele ya watu, akaniuliza, "Kaka, na baraza umeliandika fungu la nani?"

Nilimjibu kwa maneno ya dharau ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Tangu siku ile hatukusemezana. Mama, kwa kuona haya ya kuwakaribisha majirani katika nyumba yenye ugomvi, akaacha kutandika mkeka nje. Ramadhani 5 baraza lile lilikaa tupu, na mpita njia akikutwa na adhana alipita tu.

Mwaka 2025, mwezi wa Februari, nilikuwa ofisini Dodoma napanga ratiba ya kazi. Niliangalia kalenda ya ukutani nikaona mfungo utaanza mwanzoni mwa Machi, na chini yake, wiki ile ile, Jumatano ya Majivu. Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa ni miaka 33. Mwezi umerejea katika kaskazi ile ya kisima, na mimi ni mtu mzima wa miaka 45, na mkeka hauko nje.

Niliomba likizo. Sikuomba kwa sababu ya ugonjwa wala ya dharura. Niliandika "kwenda kufunga nyumbani". Mkubwa wangu wa kazi aliisoma mara mbili akatia sahihi.

Nilifika na wanangu jioni ya siku ya pili ya mfungo. Nilipovuka kivuko niliona mambo mengi yamebadilika. Wazee wa pale wananiambia maji ya chumvi yanapanda mtoni mbali zaidi kuliko zamani, na masika hayaji tena kwa ahadi. Hesabu ya miongo ya babu ingemtatiza yeye mwenyewe. Lakini mwezi ulikuwa pale, mwembamba, juu ya minazi, mahali pake.

Mama alinipokea kama niliyeondoka jana. Niliingia ndani, nikautoa mkeka uliokuwa umeviringishwa nyuma ya mlango, nikautandika barazani kwa mikono yangu. Ulikuwa umeoza upande mmoja. Majirani waliona. Hakuna aliyesema neno, ila mmoja baada ya mmoja walianza kuja na masinia yao, kana kwamba baraza halikupata kufungwa.

Mdogo wangu alikuja wa mwisho. Ilikuwa bamvua, na mkewe alikuwa amepika pweza wa nazi. Aliweka bakuli mbele yangu, si katikati ya mkeka, mbele yangu. Watu wa pwani wanajua maana ya jambo hilo. Akaketi, akaugusa ule upande uliooza, akasema, "Kaka, huu mkeka umekwisha." Ndilo neno la kwanza aliloniambia kwa miaka 5.

Mama, aliyekuwa mlangoni, akasema ukili upo. Alikuwa amekwisha suka pima nyingi, za ukindu mzuri, zimeviringishwa juu ya kabati. Hakuushona kwa sababu hakuona wa kuukalia.

Nilikaa siku kumi. Mnunuzi nilimwandikia kwamba shamba haliuzwi kwa sasa. Sitaki mdhani kwamba kila kitu kimekwisha. Dada yetu mmoja anasomesha watoto, na anataka fungu lake, nayo ni haki yake. Jambo hilo tunalizungumza bado. Lakini tunalizungumza barazani, baada ya kula, na mdogo wangu ndiye anayeshika karatasi.

Siku moja katika siku zile nilimpeleka mwanangu wa kiume, wa miaka 11, kukiona kisima. Nilimweleza habari ya 1992. Akaniuliza, "Baba, ulikunywa kweli?" Nikamwambia nilikunywa. Akafikiri kidogo, akasema, "Na babu alijua?" Nikamwambia nadhani alijua. Hakusema neno. Jioni ile, tende zilipopita, nilimwona ananitazama kwanza, kisha ndipo akachukua yake.

KWENU WANAFUNZI

Ninyi mko hapa milimani, na wengi wenu mtafika mbali kuliko sisi. Mtapewa kalenda nyingine. Itakuwa ya ofisi, au ya duka, au ya meli, nayo itakuwa na haki ya kudai siku zenu, maana ndiyo itakayowalisha. Sikuja kuwaambia mwitupe. Nchi haijengwi na watu wanaokaa barazani mwaka mzima.

Nawaomba mambo mawili tu. La kwanza, kila mmoja, Mwislamu au Mkristo au mwenye dini ya mababu zake, aichague siku yake moja ya mwaka ambayo mkeka wa kwao hautandikwi bila yeye. Awe Idi, awe Pasaka, awe siku ya kuvuna mahindi kwa bibi. Aiandike katika kalenda ya kazi kwa kalamu, si kwa penseli. Fedha atume siku nyingine. Siku hiyo apeleke miguu yake.

La pili, mjirani wa kitanda chako akiwa na kiu kwa ajili ya imani yake, jaza ndoo yake wala usingoje shukrani. Nimesoma vitabu vingi tangu nitoke hapa, na sikumbuki hata kimoja kama ninavyozikumbuka ndoo zile.

Mwaka 2058, kama hesabu zinavyokwenda, mfungo utaikuta tena kaskazi ikimalizika. Wengi wenu mtakuwa na umri kama wangu wa leo. Mimi, Mungu akinijalia, nitakuwa mzee wa miaka 78 mwenye kuulizwa ncha za mwezi zimeelekea wapi; na asiponijalia, ukili wa mama ni imara, na yupo kijana mmoja anayejua mkeka unapowekwa.